Kabla Hamjafika Barazani: Kugombana Nako Kunafundishika

Tanzania Bara mtu hawezi kutoka nyumbani asubuhi na hasira zake akaenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampitisha kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata, la Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA), la kanisa au jingine linalotambuliwa. Hapo wanandoa huketi mbele ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano, bila mawakili, wakaeleza yaliyowafika. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayosema hivyo, na madai ya talaka yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati itolewe. Zipo hali chache ambazo sheria inaruhusu kulipita baraza, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa akakataa kwa makusudi. Kwa walio wengi, njia ni hiyo.

Tatizo ni kwamba wengi hufika barazani wamechelewa. Wameshalala mzungu wa nne kwa miezi, wameshahamishana vyumba, wakwe wameshagawana pande, na ukiuliza ugomvi ulianzia wapi kila mmoja anataja mwaka wake. Wajumbe wanaombwa wafungue kwa mchana mmoja fundo lililokazwa kwa miaka. Wanachoweza ni kusikiliza, kumkemea anayestahili kukemewa na kuwasihi warudiane. Lakini warudiane vipi? Waanze na neno gani usiku huohuo wakifika nyumbani? Hilo baraza halina nafasi ya kulifundisha.

Wala hakuna aliyewafundisha kabla. Bibi harusi anafundwa na somo au kungwi, anafanyiwa kicheni pati, anaambiwa mengi kuhusu chumba na jiko. Bwana harusi anakalishwa na wazee siku moja. Kanisani kuna mafundisho ya ndoa, kwenye nikahi kuna hotuba. Ukizikusanya nasaha zote hizo na kutafuta zinasema nini kuhusu ugomvi, mara nyingi utapata agizo moja: vumilia. Uvumilivu ni jambo jema, lakini haumwambii mtu afanye nini saa tatu usiku, ada ya mtoto inadaiwa, na mwenzake ndiyo kwanza anatamka kwamba hela ameshawatumia kwao. Akikosa la kufanya, mtu hufanya aliloliona kwao. Aliyelelewa na baba mkali anafoka, aliyelelewa kwenye nyumba ya kununiana ananuna.

Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba kugombana vizuri ni ujuzi, unafundishika kama ujuzi mwingine wowote, na ndoa iliyotikisika inauhitaji kuliko inavyohitaji hotuba nyingine ya uvumilivu. Nitaeleza yanayofundishwa katika mafunzo ya namna hiyo, ili mnaoweza kupata mkufunzi mjue mnachokitafuta, na msioweza muanze wenyewe nyumbani.

Kwanza, mjue mnapambana na nini

Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumzia mambo yanayowakwaza, huku vyombo vikiwapima mapigo ya moyo. Kisha aliwafuatilia kwa miaka kuona nani wameachana na nani wangali pamoja. Moja ya aliyoyaona linafaa kuandikwa ukutani: takriban asilimia 69 ya mambo ambayo wanandoa hugombania hayaishi. Yanatokana na tofauti za tabia na malezi. Mmoja mkono wazi, mwingine anahesabu kila shilingi. Mmoja anapenda nyumba ijae ndugu, mwingine anataka utulivu. Hata wanandoa wenye furaha wanayo mambo hayo, ila wanajua kuyazungumza bila kuumizana.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye mafunzo akitarajia ugomvi ukome atarudi amekata tamaa. Mafunzo hayaondoi tofauti zenu. Yanachobadilisha ni namna mnavyozibeba: mnaanzaje kuzisema, mnasimama wapi, mnasikilizanaje, na mnarudianaje baada ya maneno makali. Sehemu ndogo iliyobaki, ile inayotatulika, ndiyo ya kuwekea makubaliano.

Dakika tatu za mwanzo

Mwaka 1999 Gottman na mwenzake Sybil Carrère walichapisha utafiti wa wanandoa wapya 124 waliofuatiliwa kwa miaka sita. Dakika tatu za kwanza za mabishano yao zilitosha kuonyesha ni akina nani walikuwa katika hatari ya kuachana. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali yalielekea kuishia kwa ukali.

Tuchukue usiku wa kawaida. Mume amerudi saa nne, simu yake ilikuwa haipatikani. Mke anamdaka mlangoni: “Wewe ni mtu wa namna gani? Kila siku hivihivi! Kwenu hamkufundishwa kuheshimu mke?” Maneno machache, lakini humo ndani mna mashtaka matatu. Limo la tabia yake yote, limo la kila siku, na limo la kwao. Mume hata kama anajua amekosea, hawezi kujibu la kuchelewa tena. Atamtetea mama yake kwanza, na hapo usiku umeshaharibika.

Mwanamke huyohuyo angeweza kusema: “Baba Neema, leo umerudi saa nne na simu ilikuwa haipatikani. Nimekaa na wasiwasi, mtoto naye amelala anakuulizia. Naomba ukichelewa unipigie, hata kwa simu ya mtu mwingine.” Hajameza hasira yake wala hajajifanya ameridhika. Ametaja tukio moja, amesema limemfanyaje yeye, ameomba kitu kinachoweza kufanyika kesho.

Kwa upande wa mume kanuni ni ileile. Akikuta akiba imepungua, “Umeanza wizi siku hizi?” inazaa vita. “Mama Neema, nimeona shilingi 80,000 hazipo kwenye akiba, nami nimeshtuka kwa sababu ndiyo ada ya Januari. Nieleze zimekwenda wapi, kisha tuone tutazirudishaje.” Hapo kuna swali linalojibika.

Wakati nao una uzito wake. Jambo zito halisemwi mlangoni, halisemwi mtu ana njaa, halisemwi mbele ya watoto au wageni, na halitumwi kwa WhatsApp, ambako kila herufi husomwa kwa sauti mbaya kuliko iliyokusudiwa. Omba muda: “Nina jambo, tuongee watoto wakishalala?” Aliyeombwa naye asikimbie. Kama leo hawezi, ataje lini.

Sumu nne

Kutokana na tafiti zake, Gottman alitaja mienendo minne inayoiua ndoa polepole: kulaumu tabia ya mtu badala ya kitendo chake, dharau, kujitetea kwa kila jambo, na kujifungia kimya. Yote minne tunaijua, tena kwa sura zake za kwetu.

Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Ni kule kusonya mwenzako akiwa katikati ya sentensi. Ni kumbinulia midomo, kumuigiza sauti, kumlinganisha na mume wa jirani. Ni kumsema kwa mafumbo mbele ya shoga zako, au kuweka kijembe kwenye stetasi ili asome yeye na ukoo mzima. Ni kumtumia mtoto kama tarishi: “Mwambie baba yako chakula kiko mezani.” Mtu anaweza kusahau kwamba mligombana kuhusu ada, lakini hasahau kwamba alisonywa.

Kujifungia kimya huonekana zaidi kwa wanaume, na wengi huita hekima: “Mimi sipendi kelele, nikiona anaongea natoka zangu.” Anayebaki ndani haoni hekima hiyo, anaona ameachwa aseme na ukuta. Kesho yake ataongeza sauti ili asikike, naye bwana atazidi kukimbia. Kila mmoja anadhani anajibu kosa la mwenzake.

Zoezi ambalo wakufunzi wengi hulitoa mapema ni kila mmoja aandike kwenye karatasi sumu anayoitumia yeye. Si ya mwenzake. Karatasi inasomwa na aliyeiandika, na anayesikiliza haruhusiwi kuongeza hata moja.

Kusimama kabla mdomo haujaropoka

Mtu akipandwa na jazba, moyo unakwenda mbio. Vipimo vya maabara ya Gottman vilionyesha kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza na kufikiri unashuka sana. Wakati huo hata neno la amani linasikika kama tusi. Ndiyo maana mafunzo mazuri hutumia muda mrefu kwenye kusimama, na hufundisha kwamba mwili unahitaji si chini ya dakika 20 ili utulie.

Lakini kusimama kuna masharti, vinginevyo kunageuka kuwa kuzira. Anayeomba kusimama aseme mwenyewe: “Nimepandwa, nikiendelea nitaropoka.” Hana ruhusa ya kumwambia mwenzake, “Wewe nenda ukapoe.” Ataje saa ya kurudi: “Nipe nusu saa.” Muda huo asiutumie kunoa maneno wala kumpigia dada yake simu kumhadithia. Atembee, aoge, aswali, afue, alishe kuku, chochote kinachoushusha moyo. Na saa ikifika, arudi yeye aliyeomba, bila kusubiri kuitwa. Asiporudi mara mbili tatu, mwenzake hatamruhusu tena kusimama, naye atakuwa na haki.

Kwenye semina za ndoa utasikia sana kwamba msilale na ugomvi, na wahubiri huutaja waraka kwa Waefeso unaoonya jua lisichwe mtu akiwa na hasira. Ushauri ni mzuri, ila wapo wanaoutumia kumkeshesha mwenzao hadi saa nane usiku wakidai yaishe leo. Hasira inaweza kuwekwa chini bila mjadala kumalizwa. Saa sita usiku inatosha kusema: “Bado hatujaelewana, lakini mimi na wewe tuko salama. Tuongee kesho baada ya kazi.” Kisha mlale, tena msipeane migongo.

Kusikiliza kwa zamu

Mafunzo ya wanandoa yanayojulikana kwa jina la PREP, yaliyoasisiwa na Howard Markman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Denver, yana zoezi moja linaloonekana la kitoto hadi ulijaribu. Chukueni kitu chochote, hata rimoti ya televisheni. Aliyeishika ndiye msemaji. Anasema kwa kifupi, jambo moja tu, akizungumzia yaliyo moyoni mwake na si nia anayomdhania mwenzake. Asiye na rimoti hajibu. Anarudia alichosikia: “Nimesikia unasema kwamba mama akija unajiona kama mgeni jikoni kwako. Ni hivyo?” Kama sivyo, anasahihishwa. Kama ndivyo, msemaji anaendelea kidogo, kisha rimoti inahama.

Mume akisikia malalamiko kuhusu mama yake, kichwani anaandaa utetezi: mama ni mzee, mama alinisomesha, mama hana nia mbaya. Zoezi linamlazimisha auweke kando utetezi huo hadi zamu yake. Mara nyingi anagundua kwamba mkewe hakuomba mama afukuzwe. Aliomba mumewe asimcheke pale mama anapousema mchuzi wake mbele ya watu. Hilo linawezekana.

Kumbukeni kwamba kurudia alichosema mtu si kukubaliana naye. Wanaume wengi huhofia wakisema “nimekuelewa” watakuwa wameshindwa kesi. Hapa hakuna hakimu. Na wakati wa zoezi hili msitafute suluhisho. Kutafuta dawa kabla ya kumsikia mgonjwa ndiko kunakofanya makubaliano mengi yavunjike baada ya wiki moja.

Msifukue makaburi. Jambo la leo lisemwe la leo. Kama kuna la zamani linalouma, lipangiwe siku yake, liwe ndilo mada. Kulichomoa katikati ya mjadala wa ada ni kuvuruga yote mawili.

Hela: mfano wa jambo linalotatulika

Ugomvi wa hela una faida moja: unahesabika. Chukueni familia ambayo mume anaendesha bodaboda na mke anauza vitenge. Mume analalamika kwamba fedha ya mke haionekani nyumbani. Mke analalamika kwamba mume anajenga kwao kijijini bila kumshirikisha. Wakiachwa watabishana nani mchoyo. Mkufunzi atawauliza swali jingine: kila mmoja anaogopa nini? Mke anaogopa kwamba mume akifa, ndugu watamtoa mikono mitupu. Mume anaogopa kwamba siku pikipiki ikiharibika mke atamdharau. Hofu hizo mbili zikiwekwa mezani, mazungumzo yanabadilika.

Baada ya hapo inakuja kazi ya karatasi. Andikeni mapato ya kila mmoja, bila kuficha. Andikeni matumizi ya lazima: chakula, kodi, ada, matibabu. Wekeni fungu la kwao mume na fungu la kwao mke, kiasi kinachojulikana kwa wote wawili, kwa sababu msaada wa wazazi usipopangiwa utatoka kwa siri. Wekeni kiasi kidogo ambacho kila mmoja anakitumia bila kuulizwa. Kubalianeni ni kiasi gani mtu hawezi kukikopa, kukikopesha wala kukitumia bila kumwambia mwenzake. Wengi walioingia kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu waliingia kimyakimya, na deni lilipofumuka lililoumiza zaidi ilikuwa ile siri.

Makubaliano yajaribiwe kwa mwezi mmoja, kisha mkae tena. Lisilofanya kazi libadilishwe bila lawama.

Na yule mume anayesema “hela ni yangu, wewe unakaa tu nyumbani” ajue kwamba hoja hiyo imepitwa na wakati hata kisheria. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Anayepika, anayefua na anayelea anachuma.

Watu wa tatu

Hakuna ndoa ya watu wawili tu. Kuna wazazi, mawifi, mashemeji, mashoga, marafiki wa kijiweni. Wanaweza kuokoa au kubomoa, inategemea mmewaita vipi.

Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba mfarakano ukihofiwa, ateuliwe msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke, wenye nia ya kupatanisha. Hekima yake inawafaa watu wa dini zote. Kwanza, pande mbili zinalingana. Pili, wanaitwa wakati mfarakano unahofiwa, kabla haujakamilika. Tatu, nia yao inajulikana kabla hawajafungua mdomo.

Linganisheni na tunavyofanya. Mke amepigiwa kelele, anampigia mama yake simu akilia. Siku mbili baadaye wamepatana, lakini mama hajapatana. Atamtazama mkwe wake kwa jicho lile miaka kumi. Mume naye anapeleka kesi kijiweni, anarudi na ushauri wa mtu ambaye mwenyewe ameshaacha wake watatu. Mkubaliane mapema: ni nani tutamwita tukishindwa? Awe mtu anayetupenda wote, mwenye kifua, asiyefaidika na upande wowote. Mshenga wenu anaweza kufaa, au wanandoa wakongwe mnaowaheshimu. Na mkifika kwake, mfike wawili. Mkipatana, mumrudishie habari hiyo naye, maana aliyeubeba ugomvi wenu anastahili kuutua.

Dakika saba za kalamu

Mwaka 2013 Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walichapisha utafiti wa wanandoa 120 kutoka eneo la Chicago, waliofuatiliwa miaka miwili. Katika mwaka wa pili, nusu yao walipewa zoezi la kuandika kwa dakika saba, mara tatu tu, dakika 21 kwa jumla. Waliambiwa waueleze ugomvi wao wa karibuni kama unavyoonekana kwa mtu wa pembeni anayewatakia wote mema. Kwa wasiofanya zoezi, kuridhika na ndoa kuliendelea kushuka. Kwa waliofanya, kushuka kulikoma.

Halihitaji mkufunzi wala ada. Daftari la mtoto na kalamu vinatosha. Jiulizeni: mtu huyo mwema, angekuwa amekaa sebuleni jana, angeona nini? Lipi ninalolifanya mimi linamzuia mwenzangu asinisikie? Nitakumbukaje jambo hili wakati mwingine nikipandwa? Asiyependa kuandika na aseme peke yake njiani.

Mahali mafunzo yanapokoma

Yote niliyoandika hadi hapa ni kwa watu wawili wanaogombana. Hayamhusu mtu anayepigwa.

Kama mmoja anampiga mwenzake, anamtishia kwa silaha, anamlazimisha tendo la ndoa, anamfungia ndani, anamnyang’anya simu na fedha ili asiweze kwenda popote, hapo hakuna ugomvi wa kufundishwa namna ya kuuendesha. Kuna mtu anayetawala kwa hofu. Kumpeleka aliyepigwa kwenye semina akafundishwe kuanza mazungumzo kwa upole ni kumwongezea hatari, kwa sababu atakayoyasema mbele ya mkufunzi huenda akayalipia nyumbani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Anayeambiwa “ndoa ndivyo zilivyo” ajue sheria haisemi hivyo.

Njia yake ni nyingine: kuwa na mahali salama pa kukimbilia, kumwambia mtu anayeaminika, kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako pia atapata fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na kumwona afisa ustawi wa jamii. Nyaraka zake na za watoto, vyeti na kadi, aziweke anapoweza kuzichukua haraka. Jirani anayesikia kilio naye asijifiche nyuma ya kusema mambo ya mume na mke hayaingiliwi.

Ulevi uliokithiri na maradhi ya akili navyo vinahitaji tiba kwanza. Mafunzo yatafuata mgonjwa akishatulia.

Namna ya kumpata mkufunzi

Wapo maafisa ustawi wa jamii, wapo washauri nasaha wenye taaluma, zipo semina za makanisa na darasa za misikiti, vipo vikundi kama vile vya Marriage Encounter katika Kanisa Katoliki, vuguvugu lililoanzishwa Hispania na padri Gabriel Calvo. Marriage Encounter ni kwa ndoa zilizo nzima zinazotaka kuimarika. Kwa zilizotikisika kuna Retrouvaille, iliyoanza Québec nchini Kanada mwaka 1977. Tofauti hiyo ni ya kuzingatia popote muendapo: ulizeni kama mafunzo ni ya kunogesha ndoa au ya kuokoa ndoa.

Ulizeni pia maswali haya kabla ya kulipa. Je, atatuona wote wawili, na kila mmoja peke yake angalau mara moja? Anayeuliza habari za kipigo mbele ya mpigaji hajui kazi yake. Je, tunayoyasema yatabaki hapo, au tutayasikia yakihubiriwa Jumapili? Je, tutafanya mazoezi mbele yake na kupewa ya kufanyia nyumbani? Kukaa ukumbini watu 300 mkicheka utani wa mhubiri kuhusu wanawake wasumbufu na wanaume wagumu ni burudani. Ujuzi huja kwa kurudiarudia, wiki baada ya wiki, ukikosea na kusahihishwa. Na je, ana kawaida ya kuwa na jibu lilelile, kwamba mwanamke ashuke au mwanaume ajirudi? Mwenye jibu kabla ya kusikia maneno yenu hatawafundisha kusikilizana.

Mwenzako akikataa kwenda, usimtishie na usimdanganye kwamba mnakwenda kwenye sherehe. Mwambie unakwenda kwa ajili yako mwenyewe: “Mimi nataka nijifunze namna ya kuongea na wewe bila kukuumiza. Nakwenda Jumamosi. Ukipenda twende.” Kisha nenda, na ubadilishe upande wako. Ukiacha kuanza kwa ukali, ukiacha kusonya, ukirudi saa uliyoahidi kurudi, mwenzako analazimika kucheza ngoma nyingine. Si wote watafuata. Lakini ukijaribu kwa moyo kwa miezi kadhaa na yeye hakusogea hata hatua moja, utakuwa umejua jambo la kweli kuhusu ndoa yako, na uamuzi utakaoufanya hautakuwa wa hasira.

Kwa viongozi wa dini na wajumbe wa mabaraza nina ombi. Wanandoa wakifika kwenu, kabla ya kuwauliza nani mkosaji, wapeni mazoezi mawili, la kusimama na la kusikiliza kwa zamu, wakayafanye kwa mwezi mmoja, kisha warudi. Na wanaofunda maharusi waongeze somo la ugomvi kwenye orodha yao, wakiwafunda mume na mke pamoja.

Kwako msomaji ambaye nyumba yako haina amani: usianze na jambo kubwa kuliko yote. Acha la mama mkwe, acha la uaminifu, hayo yatafika zamu yake mkishazoea. Wiki hii chagueni jambo dogo, hata la nani anafunga geti usiku. Tengeni nusu saa, shikeni rimoti, semeni kwa zamu. Mkiweza hilo bila mtu kusonya wala kutoka nje, kesho kutwa jaribuni lililo kubwa kidogo.